Sabini na mbili, ishirini, tisa: kisa cha kasi ya intaneti katika steshenari moja mjini Mtwara

Malalamiko haya yalinifikia yakiwa yameandikwa. Mama mwenye steshenari katika kata ya Chikongola, Mtwara mjini, alinikabidhi daftari la shule ambalo kwa siku tisa mfululizo alikuwa akiandika ndani yake tarehe, saa, na kasi ya intaneti ya dukani kwake kama ilivyosomwa na programu ya kupima kasi. Analipia kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, yaani Mbps 20 kama inavyoandikwa kwenye matangazo, na huduma inamfikia kwa waya wa faiba. Kompyuta anayoitumia mwenyewe, iliyounganishwa kwa Wi-Fi, ilionyesha kwenye dirisha la hali ya mtandao kwamba imeungana kwa Mbps 72. Programu ya kupima ilimpa 9, siku nyingine 6, siku nyingine 11. Na kila alipopakua faili, kisanduku cha upakuaji kiliandika 1.1.

“Fundi, nalipia ishirini, mashine inasema sabini na mbili, napata tisa, na hiyo moja sijui ni ya nini,” aliniambia. “Kuna mtu anakula hela yangu hapa.”

Alikuwa ameshawapigia simu watoa huduma. Waliyemtuma alitazama ile 72 kwenye kompyuta, akasema mtandao uko sawa kwa sababu unazidi hata kile anachokilipia, akaondoka. Jibu hilo lilimuudhi mama huyu, na naona alikuwa na haki ya kuudhika, kwa sababu hata kama hitimisho lake lingekuwa kweli, sababu iliyotolewa haikuwa sababu. Namba 72 haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu faiba iliyoingia dukani.

Steshenari hii haitumii intaneti kwa burudani. Wanafunzi waliomaliza kidato cha sita huja hapo kujaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu, wazazi huja kushughulikia vyeti vya kuzaliwa, wafanyabiashara wadogo huja kwa mambo ya kodi. Mteja akiona ukurasa umeganda dakika tatu huhamia duka la pili, na yule aliyekuja naye humfuata. Kwa hiyo nililichukua daftari lile kwa uzito uleule alioliandikia.

Nilianza na namba ndogo, ile 1.1, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimtia wasiwasi kuliko zote na ndiyo rahisi kuielezea. Kasi ya mtandao huhesabiwa kwa biti, ilhali ukubwa wa faili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kisanduku cha upakuaji kilikuwa kinasema megabaiti 1.1 kwa sekunde. Zidisha kwa nane, unapata megabiti 8.8. Aidha, programu nyingi za kompyuta huihesabu megabaiti kuwa baiti 1,048,576 badala ya milioni moja kamili, na ukizidisha kwa hesabu hiyo unafika megabiti 9.2. Nililifungua daftari kwenye siku alipoandika upakuaji wa 1.1, na pembeni yake programu ya kupima ilikuwa imesoma 9.2. Namba mbili alizodhani zinapingana zilikuwa kitu kimoja kilichoandikwa kwa vipimo viwili. Hata kifurushi kamili cha Mbps 20 kisingeweza kumwonyesha zaidi ya megabaiti 2.5 kwa sekunde, na ni vizuri mteja aambiwe hivyo siku ya kufungiwa huduma, asije akaisubiri 20 kwenye kisanduku ambacho hakitaiandika kamwe.

Namba 72 ni ya aina nyingine kabisa. Ni kasi ambayo kompyuta na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti dukani, vimekubaliana kurushiana mawimbi, ndani ya chumba, kwa muda huo. Kwa Wi-Fi ya kizazi cha 802.11n, kifaa chenye mkondo mmoja wa antena kwenye chaneli, yaani njia ya mawimbi, ya upana wa megahezi 20 hufikia kiwango cha juu cha Mbps 72.2, na ndiyo maana namba hiyohiyo huonekana katika maelfu ya kompyuta za bei nafuu, iwe faiba iliyo nyuma yake ni ya Mbps 5 au 500, au hata kama imekatwa kabisa. Tena si kasi ambayo data yenyewe hupita. Redio ya Wi-Fi haitumi na kupokea kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Kila kundi la pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafirishwe, husubiri zamu, hutumwa, kisha hungojewa uthibitisho wa kupokelewa, na katika kusubiri huko karibu nusu ya kasi iliyotangazwa huweza kupotea hata pale hewa inapokuwa tulivu. Kwenye 72, kupata data ya Mbps 40 ni matokeo mazuri.

Waya nao hukata ushuru, ingawa mdogo. Pakiti ya kawaida ya mtandao wa waya hubeba baiti 1,500, lakini 40 kati ya hizo ni anwani na maelekezo ya TCP na IP, itifaki au kanuni zinazoongoza safari ya data, na nje yake kuna baiti 38 nyingine za fremu, yaani bahasha inayoifunga pakiti, pamoja na nafasi inayoachwa kati ya fremu moja na nyingine. Katika kila baiti 1,538 zinazopita kwenye waya, faili lako ni baiti 1,460, yaani asilimia 95 hivi. Programu ya kupima kasi huhesabu faili, haihesabu ushuru. Ndiyo maana waya wa Mbps 100 usio na kasoro yoyote husoma 94 au 95. Wale waliotumia intaneti ya waya wa simu wa ADSL walikatwa zaidi, kwa sababu data ilikatwakatwa kwenye vipande vya baiti 53 vyenye mzigo wa baiti 48 tu, na karibu sehemu moja ya kumi ilipotea hapo kabla ya hesabu nyingine yoyote kuanza. Kwa kifurushi cha Mbps 20, kusoma 19 na ushei ni kupata haki kamili. Kusoma 9 si ushuru wa itifaki, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Daftari lilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichobeba. Mama huyu alikuwa ameandika saa bila kujua kwamba saa ndiyo ushahidi. Asubuhi saa moja kasorobo, kabla ya kufungua duka: 18.1. Saa nne asubuhi: 11. Saa sita mchana: 6.4. Saa kumi: 9.2. Kisha, katikati ya safu ya namba hizo ndogo, Ijumaa saa saba kasoro dakika kumi, palikuwa na 18.4 iliyozungushiwa duara. Nilimuuliza Ijumaa hiyo ilikuwaje. Alifikiri kidogo, akasema vijana walikuwa wamekwenda kuswali, duka limerudishwa mlango nusu, na yeye alikuwa peke yake na mwanawe. Kompyuta ilikuwa ileile, Wi-Fi ileile, ruta mahali palepale, faiba ileile. Kilichokuwa kimeondoka ni watu.

Nikatoka nje kutazama. Mbele ya duka kuna baraza ya saruji ambapo wateja husubiri zamu, na asubuhi ile walikuwa wameketi tisa, kila mmoja na simu. Ndani, ubavuni mwa mashine ya fotokopi, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu yenye nywila ya Wi-Fi kwa herufi kubwa, kona zake zimeshakunjika kwa joto. Mama aliiweka kwa ukarimu na kwa akili ya biashara, kwani mteja mwenye intaneti husubiri kwa subira. Ila simu ikiona Wi-Fi, hutumia nafasi hiyo kupakia picha zilizolala na kusasisha programu zake bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Vipimo nilivifanya kwa utaratibu ambao ningependa kila fundi aufuate kabla ya kumlaumu au kumtetea yeyote. Kwanza nilichomoa vyote, nikazima Wi-Fi, nikaunganisha kompyuta yangu kwa kebo moja kwa moja kwenye kiboksi cha faiba, nikapima kwa seva, yaani kompyuta ya mbali inayojibu kipimo, iliyoko Dar es Salaam. Nilipata 19.1, na pakiti ilikwenda na kurudi kwa milisekunde 13. Nikarudia mara tatu, saa nne, saa sita na saa kumi na mbili jioni, na tofauti haikufika nusu megabiti. Kipimo cha jioni nilikitaka makusudi, kwa kuwa faiba ya majumbani huwa ya kugawana: katika mfumo wa GPON, mkondo wa gigabiti 2.488 kwa sekunde hutawanywa kwa kigawanyo cha mwanga kwa wateja 32 au 64, na kama mtoa huduma amebana zaidi mbele ya hapo, jioni ndipo huonekana. Haikuonekana. Faiba ilikuwa inaleta kile kilicholipiwa.

Kisha nikawasha Wi-Fi, nikasubiri baraza ijae, nikapima upya kwenye kompyuta ya mama huku nikitazama kaunta ya ruta inayohesabu data yote inayoingia kutoka kwenye faiba. Programu ya kupima ilisoma 8.7. Kaunta, kwa sekunde zilezile, ilisoma 18.8. Nilimwita aone kwa macho yake skrini mbili zikiwa pamoja. Megabiti zake zilikuwa zinafika dukani zote. Kumi kati ya hizo zilikuwa zinakwenda barazani. Programu ya kupima kasi haipimi kifurushi, inapima kile kilichobaki baada ya wengine kuchukua, na haina njia ya kujua kwamba kuna wengine.

Kungekuwa na hilo peke yake, kisa kingekwisha pale. Lakini saa sita na robo kipimo kilishuka hadi 3.8 huku kaunta ikisoma 7.7 tu. Hapa faiba ilikuwa na nafasi zaidi ya nusu, na bado dukani hakuna kasi. Nilipofungua orodha ya vifaa kwenye ruta nikaona simu moja imeungana kwa Mbps 6.5. Ilikuwa ya kijana aliyekaa mwisho wa baraza, nyuma ya ukuta wa matofali ya saruji na kabati la chuma la karatasi, akipakua filamu. Ishara ilimfikia kwa shida, kwa hiyo ruta ilikuwa ikimrushia polepole ili maneno yasipotee, kama mtu anavyotamka silabi moja moja kwa aliye mbali.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu watu wengi huliona bila kulielewa. Chaneli ya Wi-Fi haigawanywi kwa data, inagawanywa kwa muda. Pakiti inayotumwa kwa 6.5 hukaa hewani mara kumi na moja zaidi ya pakiti ya ukubwa uleule inayotumwa kwa 72. Ruta nyingi za bei nafuu hutoa pakiti kwa foleni, moja ya huyu, moja ya yule, bila kutazama nani anachukua muda gani. Matokeo yake, kifaa cha 72 hakibaki na sehemu yake kubwa: vyote viwili huishia kupata sawa, na kiasi wanachopata hakizidi Mbps 6 kila kimoja hata kabla ya kutoa muda wa kusubiri na uthibitisho. Kompyuta ya mama, mita mbili kutoka kwenye ruta, iliendelea kuandika 72 muda wote huo. Na ilikuwa inasema kweli, kwani kila pakiti iliyopata zamu ilirushwa kwa kasi hiyo. Tatizo lilikuwa kwamba zamu hazikuja.

Kulikuwa na jambo la tatu, dogo kwa kulitazama. Kifurushi chake kina Mbps 20 za kupakua lakini 5 tu za kupakia. Vijana wa dukani walikuwa wakiskani vyeti kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, na faili moja lilifika megabaiti 20. Faili hilo ni megabiti 160, na kwenye njia ya Mbps 5 hukaa sekunde zisizopungua 32 likiijaza njia nzima. Wakati huo pakiti iliyokuwa ikienda Dar es Salaam na kurudi kwa milisekunde 13 ilichukua zaidi ya 400, kwa sababu ilipanga foleni ndani ya ruta nyuma ya cheti. Upakuaji nao huumia, kwani anayepakua hulazimika kutuma uthibitisho kwa njia ileile ya kupakia, na uthibitisho ukichelewa seva hupunguza mwendo. Ndiyo sababu ya baadhi ya 6 zilizoandikwa saa ambazo baraza haikuwa na watu wengi.

Mama aliniuliza kwa nini simu ya mwanawe, kwa programu tofauti, wakati mwingine ilisoma chini zaidi kuliko kompyuta. Nilipoitazama, programu ile ilikuwa imechagua seva ya Ulaya na kupima kwa muunganisho mmoja. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi kwa barabara, na mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kushuka sana chini ya milisekunde 6 na kwa kawaida huwa mara mbili ya hapo kwa sababu ya vituo vya njiani. Kutoka Dar es Salaam data huingia kwenye nyaya za baharini, na hadi Ulaya safari hufika milisekunde 160 au zaidi. Katika TCP, mtumaji hutuma kiasi fulani kisha hungoja kuthibitishiwa. Kiasi hicho kikiwa kilobaiti 64 na safari ikiwa milisekunde 160, muunganisho mmoja hauvuki Mbps 3.3 hata faiba ikiwa pana kama barabara ya Mikindani. Mifumo ya sasa hukuza kiasi hicho, lakini pakiti chache zikipotea njiani hukipunguza tena, na umbali hufanya kukikuza upya kuchukua muda mrefu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo kipimo cha seva ya ndani na cha seva ya nje hueleza njia mbili tofauti, na aliyeandika kimoja tu kwenye daftari angelaumu asiyehusika.

Marekebisho yalichukua siku moja na nusu. Ruta ilitolewa nyuma ya kabati, ambako mtu aliyeifunga aliiweka kwa kuwa tundu la waya lilikuwa hapo, ikapandishwa ukutani katikati ya duka. Karatasi ya nywila ilibanduliwa. Nikatengeneza mtandao wa wageni wenye jina lake, uliowekewa kikomo cha Mbps 5 kwa wageni wote kwa pamoja, na kwenye redio nikazima viwango vya chini kabisa ili simu iliyo mbali mno isiunganishwe badala ya kuwavuta wengine. Upakiaji niliuwekea kikomo cha 4.5, chini kidogo ya kile cha mtoa huduma, foleni isijengeke. Skana zilishushwa hadi nukta 200 kwa inchi, na vyeti vinasomeka vizuri.

Kompyuta tatu za mezani zilivutiwa kebo. Mbili zilisoma 19 mara moja. Ya tatu ilisoma 9.4, na nakiri kwamba nilistuka, kwa sababu namba ya tisa ilikuwa imerudi pale ambapo hapakuwa na Wi-Fi wala baraza. Nikafungua dirisha la hali ya mtandao: Mbps 10. Kebo hiyo ilikuwa ya zamani, imetolewa stoo, na nilipoitazama plagi yake karibu, pini mbili za shaba zilikuwa na ukungu wa kijani unaoletwa na hewa ya chumvi ya pwani yetu. Kadi ya mtandao iliposhindwa kuelewana na upande wa pili kwa kasi kubwa ilishuka hadi ile iliyoweza kuimudu, na asilimia 94 ya 10 ni 9.4 kamili. Nikakata plagi, nikabana nyingine, dirisha likaandika Mbps 100 na kipimo kikasoma 19. Hapa ndipo mahali pekee katika kisa chote ambapo kasi iliyotangazwa na kompyuta ilikuwa na la kutuambia. Ikizidi kifurushi haithibitishi chochote, lakini ikiwa chini ya kifurushi, usiende mbali, kosa liko kwenye kipande hicho cha waya au cha hewa.

Kwa upande wa mtoa huduma, sikuona wizi. Niliona uzembe wa kueleza. Fomu aliyotia saini ina neno “hadi” kabla ya Mbps 20, na hakuna aliyemsomea neno hilo wala kumwambia kwamba upakiaji ni 5. Nilimshauri awaandikie, aambatishe vipimo vya kebo vya nyakati tatu, na aombe maelezo hayo kwa maandishi. Na ikiwa siku moja kipimo cha kebo kitashuka kikabaki chini, malalamiko yasiyotatuliwa na mtoa huduma yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na hapo vipimo vya namna hii vitakuwa na uzito ambao 72 na 1.1 visingekuwa nao.

Wiki mbili baadaye nilipita. Siku ile mfumo wa maombi ulikuwa unafunguka kwa kusuasua kwa kuwa mwisho wa kuomba ulikaribia, na waombaji wa nchi nzima walikuwa kwenye seva ileile. Mama alikuwa amepima, amepata 18.9 kwa kebo, na alikuwa anamweleza mteja kwa utulivu kwamba duka halina tatizo, wasubiri usiku. Daftari lilikuwa juu ya meza, limeongezewa safu tatu zilizopigwa mistari kwa rula: kebo au Wi-Fi, watu wangapi barazani, seva ya wapi.